Silinda hazipati mchanganyiko sawa: kutafuta chanzo kwenye injini ya zamani ya petroli

Injini ya silinda nne ikitetemeka, mkono huenda kwanza kwenye skrubu ya mchanganyiko ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Ukiifungua robo mzunguko mtetemo unapungua, na gari linaondoka likionekana limepona. Kumbe silinda moja ilikuwa inapata hewa kupita kiasi, umeiongezea petroli mpaka ikaanza kuwaka, na zile tatu zilizokuwa sawa sasa zinapewa petroli zisiyoihitaji. Plagi zake zitashika masizi, matumizi ya mafuta yatapanda, petroli isiyoungua itateremka kwenye kuta za silinda na kuifanya oili iwe nyepesi, na upenyo ulioleta shida uko palepale. Ndiyo maana hapa skrubu hiyo inaguswa mwisho kabisa.

Petroli huungua yote pamoja na hewa yote kwa uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Nguvu kubwa hupatikana kwenye 12.5 hadi 13 kwa 1. Ukivuka 17 kwa 1, injini nyingi za zamani huanza kumisi, yaani kuruka mwako, kwa sababu moto hausambai vizuri ndani ya chumba. Hewa ikizidi tutauita mchanganyiko mwepesi, mafuta yakizidi tutauita mzito. Matatizo mengi huanza na silinda moja au mbili nyepesi. Nzito ya peke yake ipo, lakini ina vyanzo vichache na ni rahisi zaidi kuikamata.

Inatetemeka wakati gani?

Kabla ya kufungua boneti, jibu swali hili. Linaokoa nusu ya kazi.

Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, throto (kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali) imekaribia kufungwa na mvuto ndani ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda) ni mkubwa sana. Tundu la milimita 2 kwenye gasketi huingiza hewa nyingi ukilinganisha na hewa kidogo inayopita kwenye kabureta. Ukikanyaga mafuta, mvuto unapungua na hewa halali inaongezeka mara nyingi, kwa hiyo ile ya wizi inamezwa. Kwa hiyo injini inayotetemeka sailensa na kutulia barabarani ina hewa inayopenya mahali.

Ikiwa kinyume, sailensa imetulia lakini inamisi kwenye mlima au ukiwa na mzigo, shuku nozeli (kinyunyizio cha petroli) iliyoziba nusu, jeti kuu ya kabureta (tundu linalopimia petroli), presha ndogo ya mafuta, au cheche dhaifu. Cheche huzidi kudhoofika chini ya mzigo kwa sababu hewa iliyobanwa zaidi inahitaji volti kubwa zaidi kuivuka.

Inayomisi wakati wote, sailensa na mwendoni, mara nyingi ina silinda yenye kompresheni mbovu, nozeli iliyokufa, au kamshafti (shafti inayofungua valvu) iliyolika. Inayosumbua ikiwa baridi tu, angalia upashaji joto wa manifoldi na gasketi inayojiziba chuma kinapotanuka. Inayokataa kuwaka ikiwa ya moto baada ya kusimama dakika kumi au ishirini, kisha inawaka kwa moshi mweusi, ina nozeli inayodondosha au sindano ya boya (inayozuia petroli kujaa kupita kiasi kwenye bakuli la kabureta) isiyofunga.

Cheche na kompresheni kwanza

Silinda isiyobana vizuri hufanana kabisa na silinda yenye mchanganyiko mbaya, na yenye cheche mbovu vivyo hivyo. Ukiruka hatua hii unaweza kusafisha kabureta mara tatu bila faida.

Kupima kompresheni: injini iwe na joto la kazi, betri imejaa, plagi zote zimetolewa, umeme wa koili na mafuta vimekatwa. Mtu akanyage pedali mpaka chini ili throto ifunguke yote, kisha apige stata mpaka mshale wa geji upande mara tano au sita. Injini nyingi za petroli za zamani husoma kati ya bar 9 na 13. Tofauti kati ya silinda na silinda ni muhimu kuliko namba yenyewe: ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna kazi ya chuma ya kufanya kabla ya kuzungumzia mafuta. Mfano, 11.5, 11.2, 8.4 na 11.4: silinda ya tatu iko chini kwa zaidi ya robo. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi yake na upime tena. Ikipanda sana, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imeungua katikati yao.

Pima pia nafasi za valvu kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Nafasi iliyobana kupita kiasi huiacha valvu wazi kidogo injini ikipata moto, hivyo kompresheni iliyopimwa baridi inaweza kukudanganya. Na kuna ugonjwa unaosahaulika: nundu ya kamshafti ya valvu ya kuingiza ikilika, valvu hufunguka kidogo, silinda hupata mchanganyiko kidogo, na kabureta huweza kupiga chafya. Kompresheni inaweza kuonekana ya kuridhisha. Pima mnyanyuko wa kila valvu kwa geji ya saa na ulinganishe. Nundu iliyolika haijifichi kwenye kipimo hicho.

Kwa upande wa cheche, badilishana plagi na waya kati ya silinda mbovu na nzima. Tatizo likihama, umelipata. Usiku, injini ikiwa inaunguruma, nyunyizia waya na kofia ya distribyuta ukungu mwembamba wa maji na uangalie miali ya buluu inayoruka nje. Pima ukinzani wa waya zote kwa mita. Zenye kaboni ndani hutofautiana kwa urefu, lakini moja ikisoma mara kadhaa zaidi ya wenzake, au isisome kabisa, itupwe.

Kuikamata silinda yenyewe

Kipimo cha kukata silinda moja moja bado ndicho bora. Injini iwe na joto, sailensa ipandishwe kidogo mpaka takriban mizunguko 1,000 kwa dakika. Kwenye injini ya nozeli za umeme, chomoa plagi ya nozeli moja, soma mizunguko imeshuka kiasi gani, rudisha, nenda inayofuata. Kwenye kabureta, kata cheche, lakini usiache waya wa plagi ukining'inia hewani: volti isiyo na pa kwenda huvunja insulesheni ya koili, huua moduli ya umeme wa cheche, na mshtuko wake unauma. Uunganishe kwenye chuma cha injini kabla ya kuwasha. Gari likiwa na katalisti (kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi), kila kipimo kisizidi sekunde chache, maana petroli isiyoungua huungulia ndani yake na kuiyeyusha.

Ukipata kushuka kwa mizunguko 110, 105, 30 na 115, silinda ya tatu haifanyi kazi yake. Angalizo: kama gari lina valvu ya umeme ya kurekebisha sailensa, ichomoe kwanza. Usipofanya hivyo kompyuta itaongeza hewa kila unapokata silinda, na utaona zote zinafanana.

Sasa jua kama ni nyepesi au nzito. Kwenye kabureta yenye choki ya mkono, vuta choki kidogo kidogo injini ikiwa ya moto. Mtetemo ukipungua, kuna silinda nyepesi. Ukizidi papo hapo, mchanganyiko ni mzito tayari au tatizo si mafuta. Kwenye nozeli, pumzi fupi ya dawa ya kusafishia kabureta kwenye mdomo wa hewa hutoa jibu lilelile, ila usiielekeze kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa.

Plagi zinasema mengi, mradi zisomwe kwa utaratibu. Plagi zilizotolewa baada ya injini kuunguruma sailensa dakika kumi karibu zote zitakuwa nyeusi, na hazina ushahidi wowote. Endesha kilomita 15 hivi kwa mwendo wa kawaida, zima bila kusubiri, acha hedi ipoe, toa plagi uzipange kwa namba za silinda. Kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe kama chokaa, au yenye vipovu kwenye kauri, ni silinda nyepesi au yenye joto kupita kiasi. Nyeusi kavu ya masizi ni nzito. Nyeusi yenye utelezi ni oili. Iliyolowa na kunuka petroli haikuwaka kabisa. Plagi moja iliyooshwa ikang'aa wakati wenzake wana rangi ni ishara ya maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda hiyo.

Kipima joto cha kuelekeza kinasaidia pia: washa injini ya baridi na upime kila tawi la manifoldi ya ekzosi, sentimita chache kutoka kwenye hedi, baada ya dakika moja. Tawi lililobaki nyuma ni la silinda inayomisi. Kifaa hiki kinakuonyesha ni silinda ipi, hakikuambii kwa nini, kwa sababu nyepesi inayomisi na nzito inayomisi zote huwa baridi.

Hewa inayopenya

Hapa ndipo penye majibu mengi, kwa hiyo usiharakishe.

Anza na mipira yote ya mvuto. Angalia kila mmoja umeunganishwa karibu na silinda ipi, kwa sababu ule unaoingia kwenye tawi la silinda fulani huharibu silinda hiyo peke yake. Mpira wa busta ya breki ni mfano mzuri: busta ikipasuka kiwambo na bomba lake likawa limefungwa kwenye tawi la silinda ya nne, plagi ya nne itakuwa nyeupe na nyingine nzuri. Bana mpira mmoja baada ya mwingine kwa koleo lililofungwa kitambaa. Injini ikitulia au mizunguko ikibadilika ghafla, fuata mpira huo mpaka mwisho wake. Mpira wa valvu ya kupumulia krenkikesi (sehemu ya chini ya injini yenye oili) ni wa kipekee: kuubana hubadilisha sailensa hata ukiwa mzima, kwa hiyo pale angalia nyufa na ulaini wake badala ya kutegemea mabadiliko hayo. Valvu ya kurudisha moshi wa ekzosi isipofunga vizuri huleta mtetemo wa sailensa unaofanana na huu, nayo mara nyingi huziathiri zaidi silinda zilizo karibu na pale moshi unapoingilia.

Kisha gasketi ya manifoldi. Nyunyizia ukungu wa maji kwenye mstari wa gasketi, tawi moja moja. Maji yanayofyonzwa huziba upenyo kwa sekunde moja na sauti hubadilika. Usipopata kitu, tumia dawa ya kusafishia kabureta kwa mrija mwembamba, pumzi fupi fupi, ukiwa na kizimamoto mkononi na mbali na distribyuta. Manifoldi ya ekzosi mara nyingi iko chini yake palepale na dawa hii hulipuka kirahisi. Anza upande ambao feni haipulizi, la sivyo upepo utaipeleka dawa kwenye kabureta na utalaumu gasketi isiyo na kosa.

Kwenye injini za V, gasketi huweza kuvuja upande wa chini, ndani ya bonde la injini, ambako dawa haifiki. Dalili zake ni mtetemo wa sailensa, oili inayopungua, na plagi moja au mbili zenye oili upande mmoja. Ziba kwa muda njia zote za krenkikesi kupumua, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke kipande cha karatasi juu ya tundu injini ikiwa sailensa. Karatasi ikivutwa ndani, manifoldi inafyonza kutoka krenkikesi.

Ukibadilisha gasketi, safisha nyuso zote mbili na uweke rula ya chuma iliyonyooka kwenye manifoldi. Fila geji ya milimita 0.15 ikipita chini yake, mpelekee fundi wa mashine aisawazishe. Gasketi mpya peke yake haitadumu. Kaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili au tatu, kwa toki (nguvu ya kukaza) ya kitabu cha injini hiyo.

Kabureta inapokuwa mkosaji

Kabureta moja inayolisha silinda zote haiwezi kuinyima silinda moja peke yake. Linalotokea ni kwamba mchanganyiko unagawanyika vibaya njiani. Hewa hukata kona kirahisi, matone ya petroli hayakati: huendelea moja kwa moja mpaka ukutani. Manifoldi ikiwa baridi matone hayo hayageuki mvuke, hutiririka kama maji na kwenda kwenye tawi lililo chini zaidi. Ndiyo maana manifoldi nyingi zina njia ya maji ya moto au ya moshi wa ekzosi chini ya kabureta. Injini ikishapata joto, gusa mpira wa maji unaoingia manifoldi. Ukiwa baridi, njia imeziba. Kwenye zile za moshi, angalia kama kilango cha joto kimeganda kwa kutu. Angalia pia kipepeo cha choki kimefunguka chote na gasketi ya chini ya kabureta haikufungwa kichwa chini, kwani petroli yote huelekezwa upande mmoja.

Kabureta ya midomo miwili kwenye V8 yenye manifoldi ya ngazi mbili ni kisa kingine: kila mdomo hulisha silinda nne, zikipishana kwenye mpangilio wa kuwaka. Plagi nne zikiwa nzuri na nne mbaya, usihangaike na silinda moja moja. Njia ya sailensa ya mdomo mmoja imeziba, au skrubu zake mbili hazilingani.

Kabureta mbili, kama zile za SU kwenye gari la MGB, kila moja hulisha silinda mbili. Plagi 1 na 2 zikiwa rangi moja na 3 na 4 rangi nyingine, kabureta hazijalinganishwa. Hewa husawazishwa kabla ya mchanganyiko, wala si kinyume. Legeza kiungo cha shafti za throto, pima hewa kwa kipimo cha mtiririko au sikiliza kwa mpira kila mdomo, rekebisha skrubu za throto mpaka zilingane. Kisha inua pistoni ya kabureta moja kwa chini ya milimita 1. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, ni nzito. Ikipanda kidogo na kurudi, ni sawa. Ikishuka, ni nyepesi. Kabla ya hayo hakikisha usawa wa petroli kwenye mabakuli mawili ni mmoja, sindano za pistoni za kabureta zina namba moja, na shafti za throto hazichezi, kwani shafti iliyolika huingiza hewa usiyoweza kuirekebisha kwa skrubu yoyote.

Nozeli

Weka bisibisi ndefu kwenye kila nozeli, mpini sikioni, usikilize mlio. Isiyolia, pima ukinzani wake. Nozeli nyingi za ukinzani mkubwa huwa kati ya ohm 12 na 17, zile za ukinzani mdogo ohm 2 hadi 3. Moja isitofautiane na wenzake. Ukinzani ukiwa sawa na bado hailii, angalia kama umeme unafika.

Inayolia bado inaweza kuwa imeziba. Ihamishe kwenye silinda nyingine, ukibadilisha oringi, maana oringi ya chini iliyokakamaa huingiza hewa na huleta dalili ilelile. Tatizo likihama na nozeli, ipelekwe kwenye benchi la kupimia. Matokeo kama mililita 62, 61, 47 na 62 kwa muda uleule yanajieleza. Waombe wakuonyeshe pia umbo la mnyunyizo. Nozeli inayotoa kiasi sahihi lakini kwa mstari mmoja badala ya ukungu hulowesha ukuta, na silinda yake humisi ikiwa baridi. Baada ya kusafishwa ifungwe filta ndogo mpya na oringi mpya zilizopakwa oili kidogo.

Kwenye K-Jetronic, mfumo wa kunyunyizia petroli ambao nozeli zake humwaga mfululizo bila umeme, nozeli zote hutolewa na kuelekezwa kwenye vyombo vya kupimia vyenye alama, pampu inawashwa, na bamba la hewa linainuliwa kwa mkono. Kimoja kikibaki nyuma, badilishana nozeli na silinda nyingine: ikiwa upungufu unabaki kwenye mstari uleule, kigawa mafuta ndicho kibovu. Fanya kazi hii nje, injini ikiwa baridi, betri ikiwa mbali na petroli.

Silinda moja nzito inataka uangalie jambo moja ambalo wengi hulipita. Chomoa mpira wa mvuto wa regyuleta ya presha ya mafuta. Ukikuta petroli ndani, kiwambo chake kimepasuka na petroli inafyonzwa mbichi kuingia manifoldi, ikizifikia kwanza silinda zilizo karibu na pale mpira unapoingia.

Sensa ya oksijeni inapopotosha

Gari lenye sensa ya oksijeni husoma wastani wa silinda zote zinazoishia kwenye bomba hilo. Silinda moja nyepesi, au hata yenye cheche mbovu, hutoa oksijeni isiyotumika. Kompyuta huona hewa nyingi na kuziongezea zote mafuta. Utakuta plagi tatu nyeusi na moja nyeupe, na kishawishi cha kushughulikia zile tatu; acha tatu, tafuta ile moja. Kama gari linasomeka kwa skana, marekebisho ya mafuta (kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli) ya +15% sailensa yanayorudi karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500 yanaonyesha hewa inayopenya. Yakizidi kupanda chini ya mzigo, mafuta hayafiki ya kutosha.

Kurekebisha mwisho

Sasa skrubu inaguswa. Muda wa cheche umeshapangwa, choki iko wazi, filta ya hewa ni safi na imefungwa mahali pake. Skrubu inayopitisha mchanganyiko huongeza petroli ikifunguliwa, lakini kabureta nyingine zina skrubu ya hewa, na hiyo huongeza petroli ikifungwa, jua uliyonayo. Sogeza mpaka mizunguko iwe ya juu kabisa, kisha rudi kidogo upande wa wepesi mpaka usikie karibu kuanza kushuka. Kwa kipimo cha moshi, gari lisilo na katalisti kwa kawaida hutaka CO (gesi ya kaboni monoksidi) ya asilimia 2 hadi 3 sailensa, au kama kitabu chake kinavyosema. Hidrokaboni zikiwa juu huku CO iko chini, bado kuna silinda inayomisi kwa wepesi au cheche.

Baada ya kilomita 200 hivi, injini ikiwa baridi, pitia toki ya bolti za manifoldi na utoe plagi tena uzilinganishe. Silinda iliyokaa nyepesi kwa muda mrefu ipimwe kompresheni upya hata kama sasa inawaka vizuri, kwa sababu joto lile hula ukingo wa valvu ya ekzosi polepole, na kipimo kilichokuwa bar 11 kabla ya matengenezo kinaweza kuanza kushuka miezi baadaye.